Mjomba kaingia na mguu, kakutwa na mdudu wa wadi: nisomeeni hii karatasi

#1 Mtoto wa Maweni (mleta uzi)

Salaam wanabaraza. Uzi utakuwa mrefu, mwenye haraka apite tu, sina kinyongo.

Mjomba wangu ni mvuvi, miaka 54, mtu ambaye sijawahi kumwona kitandani mchana. Aligongwa na bodaboda magharibi, barabara ya Lamu, akitoka kuuza samaki. Mfupa wa mguu ukatoboa ngozi ukatoka nje. Tukamkimbiza hospitali (siitaji, sitaki kesi na mtu), akapasuliwa, akafungwa vile vyuma vya nje. Siku nne za kwanza mambo safi, anacheka, anaulizia nyavu zake. Siku ya sita kidonda kikaanza kutoa harufu. Siku ya tisa usaha, homa za usiku, jasho mpaka shuka unaikamua.

Akachomwa seftriaksoni wiki nzima. Wapi. Wakaongeza jentamaisini. Wapi. Ndipo daktari mmoja kijana wa zamu akasema usaha upelekwe ukaoteshwe maabara. Nikalipa elfu mbili na kitu, nikasubiri siku tatu, nikapewa karatasi. Nainakili kama ilivyo:

Klebsiella pneumoniae
Amoksilini na klavulaneti – R
Seftriaksoni – R
Seftazidimu – R
Jentamaisini – R
Siprofloksasini – R
Amikasini – S
Meropenemu – S

Daktari akaniambia, "Huyu ni mdudu wa humu humu." Nikamwambia mjomba aliingia na mguu, hakuingia na mdudu. Akanyamaza, akaangalia chini.

Sasa niambieni. R na S ni nini? Hii "pneumoniae" si nimonia, imefikaje mguuni? Na je, nina haki ya kwenda kuwashika mashati? Maana damu imenichemka.

#2 Duka la Dawa

Pole ndugu. R dawa haimwezi, S inamweza. Umebakiwa na mbili. Kajipange mfuko, meropenemu si bei ya panadoli.

#3 Bi wa Mkomani

Pole sana mwanangu, Mungu ampe shifaa mjomba wako. Huku Amu tunayajua haya. Mgonjwa apande boti mpaka Mokowe, atie gari, afike huko kwenu na bara kutibiwa mguu, arudi na kingine. Nasubiri wanaojua waseme.

#4 Sahani ya Agari

Nimefanya kazi maabara ya bakteria miaka kumi na moja, sasa niko Kilifi kwa shughuli nyingine. Nitajibu kwa sababu karatasi kama hiyo nimeiandika mara nyingi mno, na sijui kama kuna aliyewahi kuelezewa.

Kwanza jina. Klebsiella hakuzaliwa hospitali. Anakaa kwenye utumbo wa watu wengi wazima, pengine wako na wangu, bila neno. Aliitwa wa nimonia kwa kuwa walipomwona mara ya kwanza, 1882, daktari Mjerumani Friedländer alimtoa kwenye mapafu ya waliokufa kwa nimonia. Jina likaganda. Ni kama yule jirani anayeitwa Baharia mpaka leo na mara ya mwisho kupanda chombo alikuwa hajaoa. Huyu mdudu anaingia popote palipo na mlango: kidonda, mpira wa mkojo, kanula (kile kimrija cha dripu mkononi), mashine ya kupumulia.

Pili, hizo siku tatu zako hazikupotea. Usaha unapakwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, inalala kwenye joto la mwili. Asubuhi Klebsiella unamjua kabla hujasoma kitu: madoa ya waridi, manono, yana unyevunyevu kama yamepakwa mafuta ya nazi. Unachukua doa moja, unalisambaza sahani nyingine nzima, juu yake unaweka vijikaratasi vya duara vya milimita 6, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Unalaza tena. Dawa inayofanya kazi inaacha uwanja mtupu kuzunguka kijikaratasi, na uwanja huo unapimwa kwa rula. Kwa mjomba wako naweza kufumba macho nikaiona ile sahani: vijikaratasi vitano bakteria wameota mpaka ukingoni, kama nyasi zinavyoota mpaka kwenye jiwe la kaburi.

Tatu, kwa nini R zimefuatana hivyo. Bakteria huyu anatengeneza kimeng'enya kinachokata seftriaksoni na ndugu zake kabla hazijamgusa. Maagizo ya kutengeneza kimeng'enya hicho hayakai kwenye mwili wake wa urithi, yanakaa kwenye kipande kidogo cha duara kinachoitwa plasmidi, na mara nyingi kipande hicho hicho kimebeba na usugu wa jentamaisini, na wa dawa nyingine. Kwa hiyo ukimpiga kwa seftriaksoni peke yake, unayemchagua abaki ni yule mwenye furushi zima.

Plasmidi inagawiwa. Bi wa Mkomani atanielewa hapa: fundi wa milango wa Lamu anamrithisha mwanawe ujuzi, unashuka polepole, baba kwa mtoto. Bakteria hangoji kuzaa. Anamsogelea jirani, hata asiye wa ukoo wake, wanaungana kwa uzi mwembamba, anampa nakala ya mchoro mzima naye anabaki na wake. Klebsiella anampa E. koli, bakteria mwingine wa utumbo, E. koli anampa mwingine. Yote kwenye utumbo wa mtu mmoja aliyelala anakunywa uji.

#5 Mwarobaini Kwanza

Hizi ni hadithi za kuuza dawa. Wazee wetu waliosha vidonda kwa mwarobaini na maji ya bahari, hakukuwa na R wala S. Nimeona kwa macho yangu mwarobaini ukiua vijidudu kwenye kopo. Mtoe mjomba hapo, mlete kwangu Muyeye.

#6 Sahani ya Agari

@Mwarobaini Kwanza, hata mimi nimeona. Na dawa ya kuoshea choo inaua pia kwenye kopo, vizuri kuliko mwarobaini. Kazi si kuua kwenye kopo. Kazi ni kuua ndani ya mtu kwa kipimo ambacho mtu mwenyewe atabaki. Mwarobaini una mambo yake na sina ugomvi nao, ila huo ni mfupa uliopasuka wenye vyuma, na bakteria wakishapata chuma wanajijengea utando juu yake, kama ukoga chini ya mtumbwi. Ndani ya utando huo hata dawa yenye S inachoka. Kinachotakiwa ni daktari akifungue kidonda, akate nyama iliyokufa, aoshe, ndipo dawa iingie. Mtoto wa Maweni, uliza hilo leo. Meropenemu juu ya nyama iliyooza ni pesa baharini.

Na kuhusu "hadithi": hesabu ya dunia iliyochapishwa 2022 inasema mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa kwa sababu ya usugu wenyewe, yaani wangepona kama bakteria wao wangekuwa wa kawaida. Afrika ya magharibi kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia kuliko kote.

Yetu ya hapa pia ipo, wala si ya juzi. Utafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, pale Kilifi, ulichapishwa 2011, ulifuata watoto waliolazwa kuanzia 2002 hadi 2009. Kati ya kila watoto 1,000 waliolazwa, karibu 6 walipata bakteria wa damu wakiwa tayari wadini. Utasema sita si wengi. Sasa angalia vifo: waliokuja na bakteria wa damu kutoka nyumbani, asilimia 24 walikufa. Waliompatia wadini, asilimia 53. Wasiokuwa naye kabisa, 6. Kwenye orodha ya wadudu wa wadini Klebsiella alikuwemo, na waliokuwa hatarini zaidi ni watoto waliodhoofika kwa utapiamlo.  

#7 Kijana wa Tanga

Nipo hapa nafuatilia, mkuu endelea kushusha nondo.

#8 Sista wa Zamu ya Usiku

Nimesoma kimya kimya, ila hapo penye "kuwashika mashati" pamenichoma.

Mimi ni nesi, pwani hii hii, kwangu pia sipataji. Usiku nina wadi moja peke yangu na msaidizi mmoja. Nikisema nioshe mikono kila ninapomgusa mgonjwa, kabla na baada, kwa sabuni ni sekunde 40 mpaka 60 ukifuata utaratibu. Piga hesabu na wagonjwa thelathini, dripu, vidonda, mkojo, halafu bomba linatoa maji au halitoi. Ile ya spiriti ni sekunde 20 hadi 30, ndiyo inayotuokoa, ikiwepo. Kidude cha ukutani ukikibonyeza kinakohoa tu, hakuna kitu ndani, wiki ya pili hiyo. Nimeshawahi kununua kwa mshahara wangu chupa ndogo nikaitia mfukoni.

Lakini nitasema na yetu. Nimewaona wenzangu wamevaa glavu moja wakazunguka nayo vitanda vinne, kwa kuwa glavu inamfanya mtu ajihisi msafi. Glavu inamlinda aliyeivaa tu. Nimeona maji ya klorini ya kufutia vitanda yamechanganywa juzi, yamekaa ndoo wazi, harufu ishapotea, bado tunafutia. Yanatakiwa kuchanganywa kila siku.

Na sinki! Nyie mnaokuja kuangalia wagonjwa, sinki la kunawia mikono si la kumwaga chai. Hili nililijua kwenye semina, nilishtuka. Ndani ya lile bomba la chini wadudu wa wadi wanaishi kwenye ukoga, Klebsiella na wenziwe. Ukimwaga uji, chai ya maziwa, mabaki ya dripu yenye glukosi, umewapikia. Halafu mtu anafungua maji kwa nguvu, yanapiga pale kwenye tundu, matone yanaruka mpaka kwenye trei ya sindano. Kuna mwingine, Asinetobakta, huyo hata maji hahitaji, anakaa kwenye reli kavu ya kitanda wiki na wiki.

Wageni watano juu ya kitanda kimoja, mmoja kakalia miguu ya mgonjwa wa pili, mtoto anatambaa sakafuni. Mimi nikisema naitwa mkali.

Sikatai kwamba mjomba wako kapata humo. Nasema tu ukimtafuta aliyemgusa hutampata mmoja.

#9 Mtoto wa Maweni

Sista, nisamehe kwa lile neno.

Na nikiri. Uji aliokuwa akibakisha mjomba, kila asubuhi nilikuwa namwaga kwenye sinki lile la kona. Kila asubuhi. Nikidhani nasaidia, nisiache vyombo vichafu.

Pia mke wake kaniambia jana kwamba mjomba ana mfuko wa vidonge nyumbani. Jino likiuma, vidonge viwili vya rangi mbili. Tumbo likiuma, viwili. Akipata nafuu anaviweka. Sijui kama inahusika.

#10 Sahani ya Agari

Inahusika kidogo, ila usimwambie mgonjwa. Utumbo uliozoea kunyunyiziwa dawa nusu nusu unabaki na wakaazi waliozoea. Inawezekana kabisa aliingia naye tumboni na mikono ikamhamisha mguuni. Inawezekana pia ni wa sinki. Kuna njia ya kujua: unasoma vinasaba vyote vya bakteria wa kidonda, na wa sinki, na wa mgonjwa wa kitanda cha pili, unaviweka sambamba kama karani anayelinganisha saini. Kilifi walifanya hivyo kwa Klebsiella waliohifadhiwa kwenye friza kwa muongo mzima, wa kutoka 2001. Kwa karatasi ya elfu mbili huwezi kujua.

#11 Kijana wa Tanga

Mkuu, swali la mjinga. Kama dawa zinaisha si watengeneze mpya? Chanjo ya korona walitoa ndani ya mwaka. Na hii meropenemu ikigoma, mtu anafanyaje?

#12 Sahani ya Agari

Si la mjinga, ni la mfanyabiashara. Dawa ya presha mtu anameza mpaka kufa kwake, kampuni inakula. Antibayotiki mpya inamezwa siku kumi, tena madaktari wakiipata wanaifungia kabatini isizoeleke. Nani aweke mtaji hapo? Kuna kampuni ya Marekani, Achaogen, ilitengeneza plazomisini kwa ajili ya hawa hawa ndugu wa Klebsiella. Ikapata kibali Juni 2018. Aprili 2019 kampuni ikafilisika. Dawa ilifanya kazi, biashara haikufanya.

Ndiyo maana wengine wamegeukia dawa za zamani. Hapo Kilifi, 2018 hadi 2019, walifuatilia watoto wachanga 120 wenye dalili za maambukizi ya damu, nusu wakaongezewa fosfomaisini juu ya dawa za kawaida kuona kipimo gani mwili wa mtoto mdogo vile unastahimili. Fosfomaisini ni dawa ya 1969! Ilikaa kando miaka yote, watu wakaisahau, na kwa kusahauliwa ikabaki na makali.

Meropenemu ikigoma: inagoma tayari. Kuna kimeng'enya kinaitwa NDM-1, kilielezwa kwanza kwa mgonjwa aliyetibiwa Sweden 2008 akitokea India. Watu wakasema ni ya huko. Mwaka 2011 ikachapishwa kwamba Klebsiella wa Nairobi, waliochukuliwa kati ya 2007 na 2009, wanacho pia. Kwa hiyo hapa kwetu kilikuwa kimeshaketi wakati dunia inajifunza jina lake. Baada ya hapo unabaki na kolistini, dawa ya kizamani iliyowekwa kando kwa kuumiza figo, na nayo 2015 Wachina walikuta plasmidi inayoishinda, kwa nguruwe na kwa watu.

#13 Bi wa Mkomani

Nina swali. Huyu mdudu namuona anapiga aliyelala: mtoto mchanga, mwenye kidonda, mzee. Ndia za mjini zimejaa watu wazima wenye afya. Aweza kuya kwao? Au yeye ni fisi tu, hungoja aliyeanguka?

#14 Sahani ya Agari

Bi, umeuliza lile ninalopenda kuliko yote na nitachukua nafasi.

Watu wanachanganya mambo mawili. Kuna usugu na kuna ukali. Usugu ni kutokufa ukipigwa dawa. Ukali ni uwezo wa kumuumiza mtu. Si kitu kimoja na kwa miaka mingi havikuwa vikikaa nyumba moja.

Klebsiella wa mjomba ni msugu, si mkali. Umemwita fisi, na ni fisi kweli. Ukimtia kwa mtu mzima mwenye afya, kwa kawaida hafanyi chochote.

Mwaka 1986 madaktari wa Taiwan waliandika juu ya wagonjwa saba waliokuja na jipu kwenye ini, na bakteria wakawafika mpaka machoni. Hawakutoka wadini. Walitoka majumbani kwao. Aliyetolewa ni Klebsiella, lakini wa aina nyingine: gamba lake nene, linateleza, seli nyeupe za damu zinajaribu kummeza zinashindwa kumshika, kama kushika pweza kwa mkono wa sabuni. Na jingine: mwili wetu unaficha madini ya chuma makusudi ili bakteria wafe njaa. Huyu anatoa kemikali za kwenda kuyanyang'anya, nyingi kuliko wenziwe. Anajenga, anakula, anasafiri. Ni mkali. Ila, na hapa ndipo watu walipokuwa wanapumua, alikuwa mpole kwa dawa. Seftriaksoni ya kawaida inamwua.

Kwa hiyo miaka thelathini ilikuwa hivyo. Msugu asiye mkali kakaa wadini. Mkali asiye msugu kakaa mtaani.

Mwaka 2016, hospitali moja ya Hangzhou, Uchina, wagonjwa watano wa chumba cha mahututi, wote wamepasuliwa baada ya ajali, wote kwenye mashine ya kupumulia, walipatwa na Klebsiella aliyekuwa na vyote viwili. Walikufa wote watano. Watafiti walipomsoma wakakuta ni yule msugu wa kawaida wa wadi za Kichina, ameazima plasmidi ya ukali. Ile ile habari ya mchoro wa mlango. Kwingine imekuwa kinyume, mkali ndiye kaazima usugu, na Julai 2024 Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kwa nchi zote juu ya huyo.

Maabara unamtambuaje? Kuna jaribio la kitoto la zamani. Unagusa doa la bakteria kwa kitanzi cha waya unavuta juu taratibu. Wa kawaida anakatika. Mkali anavutika uzi, kama bamia iliyopikwa, na ukizidi milimita 5 unaandika alama. Nililifanya mara moja nikavuta mpaka uzi ukagusa kidevu cha barakoa yangu, bosi akaniambia weka chini hiyo kitu. Lakini jaribio hili linadanganya, kuna wanaovutika si wakali na wakali wasiovutika. Siku hizi anayejiweza anatafuta vinasaba vyenyewe vya gamba na vya ule unyang'anyi wa chuma.

Na wengine wanatumia viwavi. Yule kiwavi wa nondo anayekula masega ya nyuki. Unamchoma sindano ndogo sana, mikrolita 10, kwenye kijiguu cha nyuma, unamweka kwenye joto la mtu, nyuzi 37. Rangi yake ni ya maziwa. Bakteria akimzidi anaanza madoa meusi, mwishowe anakuwa mweusi kama mbegu ya papai, ukimgusa hajikunji. Unahesabu wangapi wamebaki kila siku.

#15 Mtoto wa Maweni

Ngoja kwanza. Waliopasuliwa baada ya ajali, wamekufa wote watano. Na mjomba kapasuliwa baada ya ajali. Ndugu yangu, unaniambia nini?

#16 Sahani ya Agari

Hapana hapana, samahani, nimeandika kama niko darasani. Wa mjomba wako meropenemu ni S. Yule wa Hangzhou ilikuwa R. Na mjomba wako siku ya kumi na tisa bado anaulizia nyavu. Mkali hamwachii mtu nafasi ya kuulizia nyavu. Je, wamekifungua kidonda?

#17 Mtoto wa Maweni

Wamekifungua jana asubuhi. Saa moja na nusu mle ndani. Wametoa nyama, wamebadilisha chuma kimoja. Meropenemu kila masaa nane, tumenunua ya siku tano, ya mbele tunachangishana. Kaka yangu kauza pikipiki.

#18 Mzee Mizinga

Vijana, mimi nafuga nyuki upande wa Gede, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Habari za dawa siziwezi. Ila huyo kiwavi wa nondo namjua kuliko mnavyomjua nyinyi! Mzinga ukidhoofu kidogo tu anaingia usiku, anataga, baada ya wiki masega yote ni utando na kinyesi. Mzinga wenye nyuki wengi hamwingii, wanamtoa. Nimepoteza mizinga miwili mwaka huu.

Sasa nauliza, kweli kuna watu wanamfuga kwa makusudi? Na wananunua?

#19 Sahani ya Agari

Mzee, shikamoo. Wanafuga ndiyo. Panya wa maabara anahitaji vibali, chakula, chumba, na moyo. Kiwavi ni rahisi, na anastahimili joto la mwili wetu, kitu ambacho nzi hawezi. Ila mwaka 2020 watafiti wa Marekani walipompima vizuri wakaona kwa Klebsiella hatofautishi sawasawa kati ya mkali na wa kawaida. Kwa panya tofauti ilionekana, kwa kiwavi wote walimuua tu. Kwa hiyo kazi nyingi zilizosema "tumekuta mkali" kwa kutumia viwavi, mimi sasa nazisoma na chumvi yangu mkononi.

Na ulivyosema mzinga dhaifu ndio anaoingia, ukamwambie Bi wa Mkomani, ndilo jibu lake la fisi.

#20 Mzee Mizinga

Marahaba. Basi hao wa kwangu wamekosa soko.

#21 Mwarobaini Kwanza

Bado nasema mwarobaini. Ila nimemtumia mleta uzi mia tano ya dawa, msiseme sina utu.

#22 Mtoto wa Maweni

Imefika, ahsante sana kaka.

Siku ya kumi na mbili ya meropenemu leo. Homa imekatika tangu ya nne. Kidonda chekundu, kibichi, hakinuki, sista wa pale kasema hiyo nyekundu ndiyo wanayoitaka. Kwenda kushika mashati sikwenda. Nilikwenda kwa msimamizi wa wadi na chupa sita za spiriti ya mikono kutoka jumla, na nikamwambia waziwazi kidude chenu cha ukutani ni kitupu na mjomba wangu kalipa. Hakunijibu vizuri. Chupa alichukua. Juu ya sinki la kona nimebandika karatasi kwa mkono wangu: USIMWAGE UJI. Asubuhi yake nimekuta mtu kamwaga maharage.

Mjomba jana usiku kaniamsha kwenye kiti, nikashtuka nikidhani homa imerudi. Anauliza bamvua ni lini.

#23 Mzee Mizinga

Mwambie aangalie mwezi, keshokutwa. Na wale viwavi niwape kuku, au yule bwana wa Kilifi bado anawataka hata wachache?